Mnandi wa Ziwa Kivu anaweka wapi pumzi yake?

Asubuhi mapema, wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wakiwa wanarudi Bukavu na taa zimezimwa, mnandi, ndege mpiga mbizi, naye anaingia kazini. Anaruka kidogo, anatanguliza kichwa, keshazama. Ukihesabu ishirini, hata thelathini, maji bado yametulia. Wengi hutuuliza: mapafu yake yana ukubwa gani?

Mapafu peke yake hayatoshi kueleza. Mapafu ya ndege ni madogo na hayatanuki kama yetu. Yameungana na mifuko ya hewa, kwa kawaida tisa, iliyoenea kifuani na tumboni. Hewa hiyo ni akiba, lakini pia humwelesha kama kibuyu kitupu. Ndiyo sababu manyoya ya mnandi hukubali kulowa kwa nje, apate kuzama bila taabu. Baadaye utamwona juu ya nguzo, mabawa ameyaanika jua.

Akiba nyingine imo katika damu, na nyingine imo ndani ya nyama yenyewe. Mama anayekata kuku anaijua tofauti hii: kidari ni cheupe, paja ni jekundu zaidi. Wekundu ule unatokana na mayoglobini, protini inayoshika oksijeni ndani ya msuli. Kwa ndege wapiga mbizi hodari, misuli ya kuogelea huwa na wekundu unaokaribia weusi. Msuli wa namna hiyo huzama na chakula chake, hausubiri kuletewa na damu.

Kisha kuna kubana matumizi, jambo ambalo mimi hulistaajabia kuliko yote. Pengwini mkubwa wa Antaktika amewahi kupimwa akikaa chini ya maji dakika 32, na katika mbizi ndefu moyo wake hushuka hadi chini ya mapigo 10 kwa dakika. Damu huelekezwa zaidi kwenye ubongo na moyo. Mnandi wetu hafiki huko; mbizi zake nyingi hazimalizi dakika moja.

Lakini kila mbizi ina deni, na deni hulipwa juu ya maji. Mnandi anayeelea kimya hapo hajalala: anavuta hewa, anajaza damu na misuli upya. Ndugu zetu wa pirogi za mota, mkimkuta hivyo, punguzeni mwendo na mumzunguke kwa mbali. Mkimfukuza, atazama tena kabla akiba haijajaa. Na nyavu zikaguliwe mapema, maana aliyenaswa hupapatika, na kupapatika kunamaliza oksijeni haraka kuliko kuogelea.