Jahazi limeshapandwa, kesi je?

Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi, bahari kuu mashariki ya Mombasa. Mzigo ukaharibiwa huko huko. Misako mingi ya CMF, muungano wa wanamaji wenye makao Bahrain, huishia hivyo: dawa zinateketezwa, mabaharia wanaachiwa. Kifungu cha 110 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari kinairuhusu manowari kukagua chombo kisicho na bendera, lakini dawa za kulevya hakizitaji. Wa kumfikisha nahodha kizimbani ni nchi ya pwani, kwa sheria zake. Mwaka 2023 CMF iliunda Kikosi Kazi 154 mahsusi kwa kuwafunza wanamaji wa nchi washirika, sheria ikiwa mojawapo ya masomo.

Kupanda chombo hufunzwa vizuri. Unaita kwa redio, chaneli 16, kisha mnahamia nyingine. Unauliza jina, bendera, bandari ya mwisho, shehena na idadi ya watu. Mabaharia wakusanyike omo, yaani mbele ya chombo, mahali wanapoonekana. Mashua ya mpira inakaribia kutoka upande wa tezi, yaani nyuma. Kasoro ni kwamba mazoezi yakifanyika ndani ya bandari ya Kilindini, mwanafunzi hajui ngazi inavyochezacheza kusi likivuma.

Upekuzi unataka subira zaidi. Pima kimo cha tangi la dizeli kwa nje, kisha tumbukiza kijiti ndani: kikigota mapema, kuna sakafu ya pili. Ngama, chini kabisa ya chombo panapotuama maji machafu, usiiache eti kwa sababu inanuka.

Kesi, hata hivyo, hufia kwenye karatasi. Piga picha kabla ya kugusa. Kila furushi lipewe namba, lipimwe na kufungwa lakiri mbele ya nahodha, kwa mkalimani wa Kibaluchi au Kiurdu ikibidi. Kila linapobadilisha mkono, saini mbili na saa. Na saa ndiyo mtego: wakufunzi wa kigeni huandika saa ya Greenwich, wenyeji saa ya Nairobi, tofauti ya saa tatu, askari mmoja akiandika "saa mbili" ya Kiswahili, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Wakili wa utetezi hahitaji kingine. Amueni saa moja tangu gatini, na daftari liwe moja.

Mamlaka nayo isidhaniwe tu. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya hapa Mombasa ilisema haina uwezo wa kusikiliza kesi za maharamia waliokamatwa nje ya maji ya Kenya. Mahakama ya Rufaa ikatengua uamuzi huo 2012. Miaka miwili ya mabishano, na hakuna aliyeuliza nani alipanda ngazi haraka.

Kwa maoni yangu, siku ya mwisho ya kozi apewe mwendesha mashtaka. Achukue daftari la zoezi, amsimamishe aliyefunga lakiri, amhoji hadi ajue namba ya furushi lake.