Usimamizi wa Bunge kwa wizara: maana yake, kwa mfano wa Defra ya Uingereza

Usimamizi wa Bunge ni kazi ya wabunge kuifuatilia Serikali: iliahidi nini, imetumia fedha kiasi gani, imekwama wapi, na nani wa kujibu. Si kutunga sheria, wala si kuendesha wizara. Mbunge hawezi kumwamuru katibu mkuu afanye jambo fulani. Anachoweza ni kumwita, kumkalisha mbele ya kamera na kumuuliza kwa nini halijafanyika, kisha jibu likaingia kwenye kumbukumbu rasmi. Wengi hudharau nguvu hiyo. Mimi naiona kubwa, ila inafanya kazi polepole na wakati mwingine inashindwa waziwazi.

Mfano mzuri ni Wizara ya Mazingira, Chakula na Mambo ya Vijijini ya Uingereza, maarufu kama Defra. Iliundwa Juni 2001, mwaka ambao ugonjwa wa miguu na midomo ulisababisha ng'ombe, kondoo na nguruwe zaidi ya milioni 6 kuuawa, na Wizara ya Kilimo ya zamani ikapoteza imani ya watu. Kilimo, uvuvi, mito na hifadhi vikawekwa chini ya waziri mmoja. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu wizara inayompa mkulima ruzuku ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kulinda mto unaochafuliwa na samadi ya shamba lake. Mvutano wa aina hiyo ukiachwa ndani ya ofisi, humalizwa kimyakimya kwa faida ya mwenye sauti kubwa. Lazima awepo mtu wa nje wa kuuliza.

Watu wakisikia Bunge linahoji, hufikiria kipindi cha maswali ukumbini. Defra nayo ina zamu yake, kila baada ya wiki kadhaa. Ukweli ni kwamba kipindi hicho ni maonyesho zaidi: mbunge wa chama tawala anauliza swali tamu, waziri anashukuru, upinzani unapiga kelele. Maswali ya maandishi yana faida kuliko hayo, kwa kuwa humlazimu waziri kutoa takwimu ambazo baadaye hawezi kuzikana.

Kazi yenyewe iko kwenye kamati. Mfumo wa sasa wa kila wizara kuwa na kamati yake ya kudumu ulianza mwaka 1979. Kamati inayoifuatilia Defra ina wabunge 11 kutoka vyama mbalimbali, na tangu 2010 mwenyekiti huchaguliwa na wabunge wote kwa kura ya siri badala ya kupangwa na wakuu wa vyama. Uenyekiti wenyewe hugawanywa kwa vyama, ndiyo maana baada ya uchaguzi wa 2024 kamati hii iliangukia kwa Alistair Carmichael wa Liberal Democrat, ambaye si wa chama tawala. (Jimbo lake ni visiwa vya Orkney na Shetland huko Uskoti, ilhali sera ya kilimo ya Defra inahusu England hasa, Uskoti ina ya kwake. Siasa za Uingereza zimejaa vitu kama hivyo.) Pembeni ipo Kamati ya Hesabu za Serikali, iliyoanzishwa mwaka 1861, ambayo huongozwa na mpinzani na hutegemea ripoti za wakaguzi wa taifa. Desturi hiyo wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanaijua vizuri. Na tangu 1997 ipo kamati ya ukaguzi wa mazingira, inayopita katika wizara zote.

Uchunguzi huanza kwa kamati kutangaza mada na kualika ushahidi wa maandishi kutoka kwa yeyote: mkulima, kampuni ya maji, mtafiti, chama cha wavuvi. Baadaye mashahidi huitwa wahojiwe, na waziri huwekwa mwishoni ili akute maelezo ya wengine yameshatangulia. Kamati huandika ripoti, na Serikali hutakiwa kujibu ndani ya miezi 2. Jibu hilo ndilo la kusomwa kwa makini. Mara nyingi utakuta pendekezo "limekubaliwa kwa sehemu", maneno ya adabu ya kukataa bila kuonekana umekataa.

Matokeo huwaje? Chukua sakata la ruzuku za wakulima. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulibadili namna ya kuwalipa wakulima, na Defra ikachagua kwa England utaratibu mgumu kuliko ilivyolazimika. Wakala wake wa malipo ulilenga kulipa asilimia 96 ya fedha hadi mwisho wa Machi 2006. Siku ilipofika, ulikuwa umelipa asilimia 15. Wakulima wakaishi kwa mikopo ya benki, na mkuu wa wakala akaondolewa. Waziri wa wakati huo, Margaret Beckett, mwezi Mei alihamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje, na kule kwao huko ni kupanda cheo. Kamati inayoifuatilia Defra haikuridhika kwamba mtu mmoja wa ngazi ya chini abebe mzigo wote. Ripoti yake ya 2007 ilihoji kwa nini mawaziri na maofisa wakuu waweze kusimamia kushindwa kukubwa namna ile bila kuwajibika wao wenyewe. Haikumfukuza mtu. Lakini iliacha maandishi yanayoonyesha uamuzi mbaya ulifanyika ngazi gani, na wabunge waliofuata wakapata pa kuanzia.

Kamati pia huweza kuwaita watu walio nje ya Serikali. Mei 2025 iliwahoji wakuu wa Thames Water, kampuni kubwa ya maji ya London na maeneo ya jirani, iliyozama kwenye madeni na kulaumiwa kwa kumwaga maji taka mitoni. Ikitafuta mkopo wa dharura wa pauni bilioni 3, ilikuwa imepanga bonasi za kuwabakiza mabosi wake. Mwenyekiti wa kampuni, Sir Adrian Montague, aliiambia kamati kwamba wakopeshaji ndio waliosisitiza bonasi hizo. Kamati ikafuatilia, na yeye akaandika barua akikiri kwamba huenda hakusema sawasawa. Siku chache tu baada ya mahojiano, mpango wa bonasi ukasimamishwa. Hakuna sheria iliyopitishwa katika wiki hiyo kuuzuia. Kilichobana ni maelezo yaliyotolewa hadharani yakakosa kushikamana.

Mipaka ya usimamizi huu nayo haifichiki. Nchini Kenya, tangu Katiba ya 2010, mawaziri si wabunge, na kamati za Bunge zina mamlaka ya kuita mashahidi kama ya Mahakama Kuu. Westminster, yaani kwenye Bunge la Uingereza, waziri kwa kawaida ni mbunge, tena mara nyingi wa chama kimoja na nusu ya wanaomhoji, na baadhi yao wanautamani uwaziri. Adhabu nayo ni dhaifu. Dominic Cummings, aliyeongoza kampeni ya kuitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, alikataa kufika mbele ya kamati nyingine, Bunge likampata na hatia ya kulidharau na kumkemea Aprili 2019. Julai mwaka huo huo akawa mshauri mkuu wa Waziri Mkuu.

Machi 2025 Defra ilifunga ghafla maombi mapya ya mfuko wa kuwalipa wakulima wanaotunza mazingira, ingawa walikuwa wameambiwa wangepewa taarifa ya hadi wiki 6. Mawaziri walibanwa Bungeni, na wakulima wakatishia kwenda mahakamani. Mwezi Mei wizara ikakubali kwamba takriban wakulima 3,000 waliokuwa wameanza kujaza fomu wapewe nafasi ya kuomba. Ambao hawakuwa wameanza waliendelea kusubiri.