Goti halina rate: fidia ya kuumia inapimwaje

Juzi tena kijiweni Ipuli hapa Tabora nimemsikia mtu anamshauri mwenzake aliyegongwa na gari, "goti we dai milioni tano, ndo rate yake". Rate! Yaani kama kuna mahali wamebandika karatasi ukutani, kidole laki tatu, goti milioni tano, jino elfu hamsini. Na hii nimeshaisikia stendi, nimeisikia msibani, sasa bora niandike tu yaishe.

Kwa kifupi, fidia ni pesa ya kuziba kile ulichopoteza kwa kosa la mtu mwingine, au kwa sababu umeumia kazini. Basi. Haulipwi kwa vile una goti, unalipwa hasara iliyokuja baada ya goti kuharibika, na hasara yenyewe uionyeshe. Ndo maana watu wawili wanaumia goti lile lile kwenye ajali moja, wanatoka na pesa tofauti kabisa na hakuna aliyehonga mtu. Dereva boda anaingiza gia kwa mguu wa kushoto, goti la kushoto likigoma kukunja hana kazi. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayekaa mezani kuandika kilo za tumbaku atachechemea, ila mshahara unaingia. Mbeba marobota kwenye godown la AMCOS hiyo hiyo, yeye kazi ndo imekwisha kabisa.

Alafu kuna swali la goti limefanywa nini hasa. Kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, kimepasuka kikaunga vizuri ni habari moja, ligamenti, zile kamba zinazoshikilia mifupa ya goti, imekatika ni habari nyingine, na hapa wengi wanaumia mara mbili, kwa sababu eksirei inaonyesha mfupa, ligamenti humo huioni. Mtu anaambiwa mfupa mzima, anarudi nyumbani na goti linalomtupa kila akikanyaga jiwe, hawezi kuchuchumaa chooni, hawezi kusujudu, na karatasi yake inasema hana tatizo. Kitu kama hicho kinataka MRI, kile kipimo kinachoonyesha hadi ligamenti, au angalau daktari wa mifupa alishike hilo goti alicheze kwa mikono aandike alichokikuta.

Sasa kinachoniudhi. Watu wanachanganya vitu viwili wanaviita vyote fidia tu. Kuna fidia mahsusi, yaani hasara unayoweza kuihesabu kwa shilingi: dawa, operesheni, magongo, nauli ya kwenda hospitali ya Bugando Mwanza na kurudi, siku ambazo hukuingiza kitu. Na kuna fidia ya jumla, ya maumivu, ya kukosa raha ya maisha, ya goti ambalo halitarudi lilivyokuwa. Hii ya pili hakimu anakadiria kwa busara yake akiangalia ushahidi. Ile ya kwanza haikadiriwi hata kidogo, unaitaja kwenye madai kiasi kwa kiasi na unaithibitisha kimoja kimoja, Mahakama ya Rufani imelisema hilo miaka na miaka. Lakini mtu wetu anafika na stori, "nimetumia kama milioni mbili hivi". Kama! Risiti? Aliyemfunga mguu ni fundi wa mifupa kule Sikonge hana risiti, boda aliyempeleka hana risiti, dawa alinunua duka la karibu kijikaratasi kikaloa mfukoni kikafuliwa na suruali. Sasa hizo milioni mbili zinaanguka hapo hapo, ananung'unika mahakama imemdhulumu, wakati hata meseji za kutuma pesa kwenye simu angezitunza zingemsaidia.

Na ile laki moja na nusu mwenye gari anayokuletea ukiwa bado kitandani, sio fidia, ni pole, kifuta jasho, shukuru uipokee, ila usisaini karatasi ya "sina madai tena" wakati goti halijatulia, maana goti lililoumia vibaya linaweza kuja kusagika miaka mbele huko. Faini nayo sio fidia. Dereva akipigwa faini mahakamani hela inaenda serikalini, wewe hupati hata mia, mpaka hakimu aamuru ulipwe au ufungue madai yako mwenyewe, na ya uzembe kama huu sheria inakupa miaka 3. Na kama ulikuwa umepanda mshikaki, yaani mmejazana kwenye pikipiki moja, au ulivuka bila kuangalia, kosa linagawanywa, na pesa inapungua kwa sehemu yako.

Ukiwa umeumia kazini njia ni nyingine, ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza mwaka 2015. Huko hubishani nani mzembe. Kinachoangaliwa ni mshahara wako na asilimia ya ulemavu baada ya matibabu. Ukiwa nje ya kazi kwa muda unalipwa asilimia 70 ya kipato chako, mwisho miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 unalipwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimepewa asilimia 15" usimpigie hesabu ya asilimia 15 ya milioni tano, hiyo ni asilimia ya mwili kushindwa kazi. Na mwisho wa kudai ni miezi 12 tangu ajali.

Mwenye bodaboda mwenye bima ndogo, ile inawalinda wengine uliowaumiza, goti lako wewe dereva haimo.

Kingine kidogo tu, PF3 jamani sio fomu ya kudai hela. Ni fomu ya polisi ya kukupeleka hospitali daktari aandike umeumia wapi na kiasi gani. Kwa hiyo usiseme "nimejaza PF3 nasubiri kulipwa", sema una PF3, na ubaki na kopi, madai yenyewe bado hujaanza.