Tunaogopa msitu, tunaliamini ziwa: dhana potofu kuhusu matembezi ya familia

Mzazi anayepanga kuwatembeza watoto kutwa nzima penye msitu na ziwa huwa tayari ana orodha ya hofu zake: nyoka, mnyama mkali, mtoto kupotelea vichakani. Ziwa halimo. Ziwa ni zawadi ya mwisho wa safari, pale viatu vinapovuliwa, mkeka unatandikwa na watu wazima wanashusha pumzi. Kwa maoni yangu hofu hizo zimepangwa kichwa chini miguu juu, na dhana potofu nyingi kuhusu matembezi haya zinaanzia hapo.

"Mtoto akizama tutamsikia"

Hamtamsikia. Anayezama kweli hapigi kelele, kwa sababu mdomo wake hutokeza juu ya maji kwa muda mfupi sana, na muda huo wote unaishia kwenye kuvuta pumzi. Hapungi mkono pia: mikono hujitanda pembeni na kuyasukuma maji chini bila hiari yake. Frank Pia, mwokoaji wa ufukweni huko New York aliyechunguza picha za watu halisi wakizama, alieleza kwamba hali hiyo hudumu sekunde 20 hadi 60 tu kabla mtu hajatoweka. Mtoto mdogo yuko karibu zaidi na zile 20. Ukimwona kwa mbali utadhani anacheza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na kwa watoto wa mwaka 1 hadi 4 kuzama ni chanzo cha nne cha vifo duniani. Sijui mnyama wa msituni anayekaribia hesabu hiyo.

"Lakini wangu anajua kuogelea." Anajua kuogelea kwenye bwawa. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 za selsiasi humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu ghafla, atake asitake, na kichwa kikiwa chini wakati huo anavuta maji. Maziwa ya milimani hubaki baridi hata jua likiwa kali, kwa hiyo joto la hewa halikuambii lolote kuhusu joto la maji. Na yale maboya ya kupuliza yanayovaliwa mikononi ni vitu vya kuchezea; huvuja na huchomoka. Kinachofaa ni jaketi okozi linalolingana na uzito wa mtoto, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu ili lisimpande usoni.

Hatari nyingine ni wingi wa watu wazima. Wakiwa watano ufukweni, kila mmoja huamini wale wanne wanaangalia. Ateuliwe mmoja, kwa zamu, simu mfukoni, awe mahali anapoweza kumshika mtoto kwa kunyoosha mkono. Maji ya magotini ya mtu mzima ni maji ya kifuani kwa mtoto wa miaka mitatu.

"Maji maangavu ni maji salama"

Maji yanayokuonesha kila kokoto ya chini yanaweza kubeba giardia, kimelea kinachotoka kwenye kinyesi cha watu na wanyama na kusababisha kuhara kwa wiki kadhaa. Yachemsheni mpaka yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Vidonge vya klorini husaidia dhidi ya bakteria wengi, ila kimelea kiitwacho kriptosporidiamu hakivijali.

Kichocho, chenyewe, hakingoji unywe. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi iliyoloa ndani ya dakika chache. Kimejulikana kwa tabibu tangu Theodor Bilharz alipokitambua kimelea chake mjini Cairo mwaka 1851, na kipo katika maziwa mengi ya Afrika, Victoria na Malawi yakiwemo. Konokono hao hupenda kingo zenye maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yenye majani. Yaani hasa pale mzazi anapomwambia mtoto mdogo, "Chezea hapa, hapa hapana hatari." Penye kichocho, kaeni nje ya maji, na kama mtoto ameshaingia, apelekwe kupimwa baada ya wiki kadhaa, hata kama haumwi popote. Dawa ipo na hutibu vizuri.

Mkiona maji yenye utando wa kijani kama rangi ya ukutani iliyomwagika, ondokeni. Huo mara nyingi ni mwani wenye sumu, na kuchemsha hakuondoi sumu yake. Mbwa akiwa nanyi, asinywe pia.

"Njia ya kuzunguka ziwa ni rahisi, ni tambarare"

Tambarare ya kwenye ramani, labda. Kandokando ya ziwa lenye msitu kuna mizizi iliyolowa, mawe yanayoteleza na vipande vya matope ambavyo mtu mzima huvuka kwa hatua moja na mtoto huvuka kwa dakika tano. Lakini tatizo kubwa la njia ya mzunguko ni jingine: ukishafika nusu, hakuna tena njia fupi ya kurudi. Mtoto akigoma hapo, kurudi nyuma na kwenda mbele ni sawasawa. Ndiyo maana kwa watoto wadogo mimi hupendelea njia ya kwenda na kurudi palepale, hata kama mandhari yanajirudia. Mnaweza kugeuza wakati wowote, na wao hawajali kuona mti uleule mara mbili.

Hesabu ya muda nayo hudanganya. Kanuni maarufu kuliko zote ni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892. Kwa vipimo vya leo ni saa moja kwa kila kilomita 5, pamoja na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 6 yenye mwinuko wa mita 300 inakuja kama saa moja na dakika 42. Hiyo ni hesabu ya mtu mzima mwenye siha, asiyesimama kutazama mchwa. Mkiwa na mtoto wa miaka mitano, zidisheni mara mbili ndipo mjumlishe mapumziko. Halafu wekeni saa ya kugeuza kabla ya kuondoka, na ikifika mgeuze hata kama mmebakiza mita 400. Wanaoshindwa hapa mara nyingi ni akina baba na akina mama, si watoto.

"Baridi ya kuogopa ni ya theluji"

Mtu anaweza kupoteza joto la mwili kiasi cha hatari hewa ikiwa na nyuzi 10, akiwa amelowa na kuna upepo. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa tulivu. Mtoto yuko pabaya zaidi kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Fulana ya pamba ikilowa hukaa na maji na kumpoza. Sufu au kitambaa cha polista ni afadhali. Nguo kavu za kubadilisha, zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ni mzigo wa kwanza kuingia kwenye mkoba.

Anayesahaulika ni mtoto anayebebwa mgongoni. Baba anatoka jasho, anafungua jaketi, anatangaza kwamba leo kuna joto. Mtoto ameketi tu, hasogei, miguu inaning'inia. Mshike shingo na tumbo kila mara. Vidole pekee si kipimo.

"Ukipotea, fuata mto, utakufikisha kwa watu"

Mto unaweza kukufikisha kwenye kinamasi, kwenye korongo, au kwenye maporomoko. Kwa mtoto ushauri huu ni mbaya maradufu, maana kila hatua anayopiga inapanua eneo la kumtafuta. Huko California, baada ya mtoto mmoja kupotea na kufariki mwaka 1981, waokoaji walianzisha mafunzo ya kuwaambia watoto jambo moja kuu: ukigundua umepotea, kumbatia mti na ubaki hapo. Mti humpa mtoto mahali pa kukaa na kitu cha kushika akiingiwa na hofu.

Ongezeni filimbi shingoni mwa kila mtoto. Mapigo matatu, kimya, mapigo matatu tena, ni ishara inayoeleweka na wengi, na pumzi ya kupuliza haiishi haraka kama sauti ya kulia. Waambieni pia kwamba hawataadhibiwa kwa kupotea, na kwamba mtu anayeita jina lao msituni si wa kumkimbia. Watoto waliopotea wamewahi kujificha waokoaji wakipita. Simu ni ya ziada: mtandao hukatika, betri huisha, kwa hiyo pakueni ramani nyumbani na mwacheni mtu anayejua njia mnayopita na saa ya kurudi.

Na hizi za harakaharaka

Mvua ya radi ikianza, mti mrefu uliosimama peke yake ni mahali pabaya kuliko pote, na ufukwe ulio wazi unafuatia. Ingieni kwenye gari au jengo. Msirudi nje mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Nyoka wapo, na vijiti na viatu vilivyofunika kifundo ni vya maana. Mtu akiumwa, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Kiungo kitulizwe, kisha hospitali.

Kupe hachomwi kwa moto wala hapakwi mafuta. Mshikeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvuteni taratibu moja kwa moja, mwoshe mahali hapo.

Tunda analokula ndege si lazima limfae mtoto. Uyoga ni mbaya zaidi. Hakuna alama moja ya kuutambua wenye sumu, na kuupika hakuiondoi sumu ya uyoga hatari uitwao *Amanita phalloides*. Dalili zake huchelewa saa 6 hadi 24, kisha mgonjwa huonekana kupata nafuu wakati ini linaharibika. Kwa hiyo mtoto akitafuna uyoga msioujua, msingoje atapike: chukueni kipande kilichobaki mkiweke kwenye karatasi, mwende naye hospitali akiwa bado anacheka.