Mkanda wa jeshi: wahi zahanati ndani ya siku 3

Mkanda wa jeshi unasababishwa na nini?
Virusi vya tetekuwanga. Tetekuwanga ikipona, virusi vyake hubaki vimejificha kwenye vifundo vya neva za hisia, pembeni mwa uti wa mgongo. Kinga ikishuka vinaamka na kufuata neva hadi kwenye ngozi.

Mbona unatoka upande mmoja?
Kila mzizi wa neva una ukanda wake wa ngozi, kulia au kushoto. Mtafiti Magendie wa Ufaransa alionyesha mwaka 1822 kwamba mizizi ya nyuma ya uti wa mgongo ndiyo inayobeba hisia. Mwaka 1900, madaktari Head na Campbell, huko Uingereza, walipochunguza miili ya marehemu waliowahi kuugua mkanda, walikuta vifundo hivyo vimeathirika. Ugonjwa uko kwenye neva, ndiyo maana maumivu hutangulia upele na wengi hudhani ni kichomi.

Si mtu amenirushia kitu?
Hapana. Hakuna aliyekurushia kitu. Njoo zahanati.

Nikipaka majivu au dawa ya meno kwanza?
Usipake! Wagonjwa wanakuja kutoka Bahi, kutoka Chamwino, khanga imegandia kwenye malengelenge, majivu yamechanganyika na usaha, na ni siku ya nane. Majivu hayafiki kwenye neva, yanaleta vidonda tu. Asiklovia, dawa ya kupambana na virusi hivi, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Saa 72, yaani siku 3.

Nisubiri kwanza malengelenge yakauke?
Usisubiri. Ngozi itakauka, lakini neva iliyoumia inaweza kuuma miezi, hata miaka, na kwa wazee ndiyo balaa: shati likigusa tu, mtu anapiga kelele. Na hata kama siku 3 zimepita, njoo.

Wanasema mkanda ukizunguka mwili ukakutana, mgonjwa anakufa.
Si kweli, acheni kuwatisha wagonjwa.

Kwa hiyo nina VVU?
Si lazima. Ila kijana akipata mkanda, apime siku hiyohiyo. Akikutwa navyo, dawa zipo.

Naweza kumwambukiza mtu?
Asiyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kuipata kwa kugusa majimaji ya malengelenge. Yafunike, na usimbebe mtoto mchanga wala kukaa karibu na mjamzito mpaka yakauke.

Umenitokea kwenye paji la uso.
Ukifika puani au karibu na jicho, hata hizo siku 3 huna. Nenda hospitali leo, jicho linaweza kupofuka.