Nyumba ya kando ya Mirongo: mafuriko yakija, usizibe mlango

Masika yakikaribia, wateja wangu wa Mabatini, hapa Mwanza, huniomba kitu kimoja: "Fundi, nijengee ukuta mlangoni maji yasiingie." Huwa nakataa, na wengine hununa.

Mto Mirongo hujaa ghafla kwa sababu milima yetu ni mawe, na palipobaki udongo tumeshapaezeka mabati. Maji hushuka kwa kishindo, mara nyingi yakaondoka siku hiyohiyo. Sasa yakifika kimo cha mita 1 nje huku ndani pakavu, kila mita ya ukuta inasukumwa kwa uzito wa nusu tani hivi. Tofali za kuchoma zilizojengewa udongo badala ya saruji haziwezi kuhimili hilo. Yakiingia ndani, yanasukumana pande zote mbili na ukuta unasalimika. Godoro utalianika, ukuta ukilala, umelala na watu.

Kwa hiyo inua msingi kwa mawe, maana hayo Mwanza hatuna shida nayo, halafu jenga ukijua maji yataingia tu. Nyaya za umeme zishuke kutoka darini, soketi ziwe usawa wa kifua, na mein swichi juu zaidi. Choo cha shimo kipandishwe juu ya tuta. Shimo likifurika, kipindupindu hakichagui nyumba.

Maji yakishatoka, usikimbilie kupiga lipu mpya. Tofali hunyonya maji hadi juu ya pale yalipofikia, na ukilifunika bichi, lipu itavimba, itatoa chumvi nyeupe na kubanduka. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pembe zote kwa utepe wa gundi, ulale. Asubuhi kikiwa na jasho kwa ndani, ngoja, hata kama mke anakusema kwamba sebule inatia aibu.

Walio ufukweni mwa ziwa wana kesi nyingine. Ziwa Victoria hupata maji yake mengi kutokana na mvua inayoliangukia lenyewe, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Likipanda halishuki kesho. Mwaka 2020 lilivuka kimo cha 1964, na nyumba zikakaa majini miezi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni, na hapo fundi hana ujanja. Ezua mabati na kenchi mapema, vingali vinafaa kujengea kwingine.