Pesa za Utepe wa Pinki: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Oktoba, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti, ikiingia, fulana za pinki zinatoka kabatini na maneno nayo yanatoka. Yupo anayechangia kila akiombwa, bila kuuliza pesa zinakwenda wapi. Yupo asiyetoa hata senti kwa kuwa "hao ni wezi wenye ofisi". Nimewasikiliza wote wawili, na naona wanakosea mahali pamoja: hakuna kati yao aliyewahi kuangalia shirika la hisani la saratani ya matiti linafanya nini Jumanne ya kawaida, katika mwezi usio na utepe.

Nitatumia mfano wa Breast Cancer Now la Uingereza. Sidai kwamba ndilo bora kuliko yote, ila historia yake inafuatilika na hesabu zake ziko wazi. Kila mwaka hupeleka ripoti kwa Charity Commission, mamlaka inayosimamia mashirika ya hisani England na Wales, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuifungua akaisoma.

Lina asili mbili. Ya kwanza ni Betty Westgate, mama wa Kiingereza aliyepata saratani ya titi mwaka 1968, akaona mwanamke akishatoka kwenye upasuaji hana wa kumwuliza hata swali dogo, kama sidiria gani itamkaa. Mwaka 1973 akaanzisha chama cha wanawake waliokatwa matiti, ambacho baadaye kilikuja kuitwa Breast Cancer Care. Asili ya pili ni msiba: mwigizaji wa Kanada, Toby Robins, alifariki mwaka 1986 kwa ugonjwa huo, na mumewe Bill Freedman akawa miongoni mwa walioanzisha Breakthrough Breast Cancer mwaka 1991. Lengo lao lilikuwa kujenga kituo cha utafiti. Kilifunguliwa mwaka 1999 ndani ya taasisi ya utafiti wa saratani ya London, kikapewa jina la Toby. Mashirika hayo yaliungana kwa hatua mbili, mwaka 2015 na mwaka 2019. Ndiyo maana hadi leo jina moja linagharamia maabara na pia linalipa manesi wanaopokea simu.

"Dawa wanayo. Wanaificha ili michango isikatike."

Hili ndilo linalosambazwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Kwanza, hakuna "dawa" moja ya kuficha, kwa sababu saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Ipo inayolishwa na homoni. Ipo inayosukumwa na protini iitwayo HER2. Ipo isiyo na hata kimoja kati ya vipokezi vitatu vinavyopimwa, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara ya kukua, na hiyo ndiyo ngumu zaidi kutibu. Dawa inayomponya mama Asha inaweza isimsaidie chochote jirani yake.

Pili, dawa zimeshatoka, tena hadharani. Tamoxifen ilitengenezwa miaka ya 1960 na kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitafuta kidonge cha kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo ilishindwa. Mwaka 1971 madaktari wa hospitali ya Christie, Manchester, walichapisha matokeo yake kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, na leo ni kidonge cha bei nafuu kilichomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Tatu, angalia pesa za hisani zilivyotembea katika kisa kimoja. Jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu humwongezea mtu hatari ya saratani ya matiti na ya mfuko wa mayai, zilitambuliwa mwaka 1994 na 1995. Seli yenye hitilafu hiyo haiwezi kukarabati vinasaba vyake vizuri. Timu ya Alan Ashworth, katika kile kituo chenye jina la Toby Robins, ikajiuliza: je, tukiizibia seli hiyo na njia ya pili ya ukarabati, inayotegemea kimeng'enya kiitwacho PARP? Ikafa. Seli isiyo na hitilafu, ambayo bado ina njia yake ya kwanza, ikanusurika. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature Aprili 2005, sambamba na ya timu nyingine ya Sheffield iliyofikia jambo hilohilo. Mwenye nia ya kuficha hapeleki kazi yake Nature.

Baada ya hapo ndipo subira ilipohitajika. Dawa ya olaparib iliidhinishwa kwanza kwa saratani ya mfuko wa mayai mwaka 2014. Mwaka 2018 Marekani iliiruhusu kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Mwaka 2021 jaribio kubwa lililoongozwa na Andrew Tutt lilionyesha kwamba inapunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi kwa wenye hitilafu za BRCA waliogunduliwa mapema, na mwaka 2023 hospitali za umma za England zikaanza kuitoa kwa wagonjwa hao. Kutoka Nature hadi kwa mgonjwa huyo ni miaka 18. Mchangiaji aliyetoa pauni tano mwaka 2000 hakuona chochote kwa muda mrefu sana, na namwelewa akidhani zililiwa.

Wakati huohuo vifo vimepungua. Nchini Marekani kiwango cha vifo vya saratani ya matiti kimeshuka kwa zaidi ya asilimia 40 tangu mwaka 1989, kwa sababu ya matibabu bora na kugundua mapema.

"Basi wako mfukoni mwa makampuni ya dawa."

Swali hili ni la haki, na jibu lake si jepesi. Mashirika mengi, likiwemo hili, hupokea sehemu ya mapato kutoka kwa makampuni ya dawa, na mchangiaji ana haki ya kuuliza ni kiasi gani na kwa kazi ipi. Ila tazama wanavyotenda inapofika kwenye bei. Dawa ya Enhertu, ya kampuni za Daiichi Sankyo na AstraZeneca, ilipokataliwa England mwaka 2024 kwa aina fulani ya saratani iliyosambaa, huku Scotland wakiwa wameshaikubali, Breast Cancer Now ndilo lililopiga kelele hadharani, likizitaka kampuni na mamlaka zirudi mezani. AstraZeneca ni haohao wanaouza olaparib. Mtu aliye mfukoni mwako hakusemi mbele za watu.

Mfano ninaoupenda zaidi haujulikani sana. Kuna dawa za mifupa, jamii ya bisfosfoneti, za zamani na za bei ndogo, ambazo hati miliki zake zimekwisha. Mwaka 2015 uchambuzi wa majaribio mengi ulionyesha kwamba wanawake waliokwisha koma hedhi, wakipewa dawa hizo baada ya upasuaji, hupungukiwa na hatari ya saratani kurudi mifupani na hatari ya kufa. Nani angezitangaza? Hakuna kampuni itakayotumia pesa kunadi dawa ambayo kila mtu anaweza kuitengeneza. Shirika la hisani ndilo lililozunguka kudai hospitali za Uingereza zizitoe kwa wanaostahili. Ukiniuliza pesa za michango zina kazi gani ambayo soko haliwezi kuifanya, nitakutajia hii kabla ya maabara.

"Nimenunua kikombe cha pinki, nimeshachangia."

Pengine umechangia kampuni ya vikombe. Rangi ya pinki haina mwenyewe, na utepe unaweza kubandikwa na yeyote kwenye chochote. Historia yake inachekesha kwa uchungu: miaka ya mwanzo ya 1990, Mmarekani Charlotte Haley alikuwa akitengeneza tepe za rangi ya pichi nyumbani kwake na kuzigawa pamoja na kadi iliyolalamika kwamba serikali inatenga pesa kidogo mno kwa kinga ya saratani. Jarida moja na kampuni ya vipodozi walimwomba waitumie. Akakataa, akisema wanataka biashara. Wakabadilisha rangi, na mwaka 1992 pinki ikazaliwa. Miaka kumi baadaye kikundi cha Breast Cancer Action cha San Francisco kikaanzisha kampeni ya kuwataka wanunuzi wafikiri kwanza: kiasi gani cha bei kinakwenda kwenye hisani, kwa shirika lipi, na je, bidhaa yenyewe haina madhara? Kama lebo haijibu, acha dukani, utume mchango wako moja kwa moja.

"Utafiti huo ni wa Wazungu, sisi hautuhusu."

Kuna ukweli hapa: wanasayansi wamewachunguza zaidi wanawake wenye asili ya Ulaya. Hata utafiti mkubwa wa Breast Cancer Now unaofuatilia wanawake zaidi ya 113,000 tangu mwaka 2004 ni wa Uingereza. Lakini kusema hautuhusu kabisa ni kuruka mengi.

Shirika la Susan G. Komen la Marekani, likishirikiana na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, liligharamia utafiti uliowafuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wa Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini, kuanzia mwaka 2014. Kila baada ya miezi mitatu watafiti walimpigia mgonjwa simu, au ndugu yake kama hapatikani. Simu tu, ile tunayoongea nayo kila siku, lakini kabla ya hapo nchi nyingi hazikuwa na njia ya kujua mgonjwa aliyeondoka hospitali amefikia wapi. Majibu yalikuwa mazito. Baada ya miaka mitatu, karibu nusu ya wanawake walikuwa wamefariki. Watafiti walikadiria kwamba karibu theluthi ya vifo ingezuilika kwa kugundua mapema na kutibu vizuri zaidi, bila kusubiri uvumbuzi mpya. Na katika kila vifo 100 vya wanawake wa chini ya miaka 50, watoto 210 walibaki bila mama. Takwimu hiyo unaweza kuiweka mezani kwa waziri wa fedha.

Tafiti za kusini mwa Sahara zimevunja pia dhana nyingine, kwamba saratani ya mwanamke Mwafrika daima ni ile isiyo na vipokezi, basi dawa hazisaidii. Aina hiyo kweli inatupata zaidi kuliko wengine, lakini zaidi ya nusu ya saratani zetu zina kipokezi cha homoni. Maana yake tamoxifen, kile kidonge cha bei nafuu, kingewafaa wengi. Ila daktari hawezi kujua bila kupima kinyama, yaani kipande kidogo kinachochukuliwa kwenye uvimbe, na hapo tunagongana na dhana ifuatayo.

"Wakikuchoma sindano au kisu, inaamka na kusambaa."

Haiamki. Kuchukua kinyama kwa sindano hakuonekani kusambaza saratani. Ila naelewa maneno haya yalikotoka. Mwanamke anakaa na uvimbe mwaka mzima, anazunguka kwa waganga na kwenye maombi, anafika hospitali ugonjwa umeshafika kwenye mapafu, anapimwa, na baada ya miezi miwili anazikwa. Mtaa unahesabu kuanzia siku ya sindano.

Karatasi ya elimu ya afya haimshawishi mtu aliyeyaona hayo kwa shangazi yake. Anayemshawishi ni aliyechomwa sindano hiyohiyo akabaki hai. Hii ndiyo kazi ya Betty Westgate, na nadhani ndiyo nusu ya shirika ambayo watu huidharau. Breast Cancer Now huwaunganisha wagonjwa kwa simu na wajitolea waliopewa mafunzo ambao wamepitia hali inayofanana: umri unaokaribiana, upasuaji uleule, watoto wadogo nyumbani. Manesi wa simu yao ya bure huulizwa mambo ambayo daktari mwenye foleni hana nafasi nayo, kama vile mume ameacha kunigusa, nifanyeje.

Wanaume nao hupiga, na si kwa ajili ya wake zao tu. Chini ya mgonjwa mmoja katika kila 100 ni mwanamume, na wengi huchelewa kwa sababu waliambiwa huu ni ugonjwa wa akina mama.

"Nikiwaandikia London watanilipia matibabu."

Hapana. Uingereza matibabu yanalipwa na serikali, hivyo shirika la huko halina dirisha la bili za hospitali, za huko wala za kwetu. Barua za kuomba ada ya mionzi zinapoteza muda ambao mgonjwa hana.

Nchini Kenya, Faraja Cancer Support Trust ya Nairobi inatoa ushauri nasaha bure kwa wagonjwa na walezi wao, na ina mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo wa kulipia matibabu. Tanzania, anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali unakotibiwa, iwe Ocean Road au ya rufaa ya mkoa, kabla hujauza shamba. Omba kuonana nao siku hiyohiyo unayopewa makadirio ya gharama, ukiwa na barua ya daktari na majibu ya kinyama mkononi.